Fimuwea, Seva Kuukuu na Mafundi wa Eastlands

Ufundi wa kompyuta katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, umekua juu ya mila ya zamani ya kukifufua kilichokwisha kutumika, mila iliyoonekana wazi katika masoko ya Gikomba na Kamukunji hata kabla ya Shirika la Kazi Duniani kuchapisha, mwaka 1972, ripoti iliyoipa sekta isiyo rasmi ya Kenya uzito katika fikra za uchumi. Buruburu na Umoja, mitaa iliyojengwa kuanzia miaka ya 1970, ilileta wakazi wenye mishahara na shule zao, na miaka ya 2000 saiba zikaenea madukani. Mashine nyingi zilikuwa zimetumika kwanza ng'ambo, na hata shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilijengwa juu ya wazo la kukarabati kompyuta kuukuu kwa ajili ya shule.

Mashine ya namna hiyo hufika ikiwa bado na mipangilio ya mwenyewe wa kwanza. Mipangilio hiyo huongoza fimuwea, yaani programu iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao mkuu, ambayo huamka kabla ya mfumo endeshi na kuueleza ni prosesa, diski na kadi zipi zilizopo. Katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 programu hiyo iliitwa BIOS, na tangu hapo mfumo endeshi umetegemea sana maelezo yake: kifaa kizima kisipotajwa, au kikitajwa visivyo, huonekana kana kwamba kimekufa.

Seva za ProLiant, zilizoanzishwa na Compaq na kurithiwa na HP mwaka 2002, zinalionyesha jambo hili vizuri. Katika matoleo mengi ya miaka ya 2000, kubonyeza F9 wakati wa kuwaka kulifungua ukurasa ambapo fundi alichagua mfumo endeshi uliokusudiwa, uwe Windows, Linux au NetWare, na chaguo hilo lilibadili majedwali ambayo fimuwea iliukabidhi mfumo. APIC, sakiti inayogawa kwa prosesa ishara za vifaa vinavyoomba kuhudumiwa, ikizimwa humo, Linux iliweza kutumia prosesa moja tu katika seva yenye mbili, ingawa hakuna kilichoharibika.

Umeme nao ulikuwa na lake. Mipangilio ya mashine nyingi na saa yake hutunzwa kwa betri ndogo, mara nyingi CR2032, na katika mashine iliyokaa ghalani miaka mingi betri hiyo huwa imekwisha. Kwa hiyo kila stima zilipopotea, tarehe ilirudi nyuma na mipangilio ikarejea ile ya kiwandani. Diski iliyokuwa imesomwa kwa utaratibu wa AHCI ingeweza kurudishwa kwenye IDE au RAID, na Windows XP, ambayo haikuja na draiva ya AHCI, ingegoma kuwaka kwa kosa 0x0000007B iwapo mpangilio ulibadilika baada ya kusakinishwa. Fundi mwangalifu alianza kwa kubadilisha betri, kisha akanakili mipangilio kabla ya kugusa chochote kingine.

UEFI, mrithi wa BIOS aliyekabidhiwa jumuiya ya makampuni mwaka 2005, iliongeza Secure Boot, kinga inayokataa programu ya kuwashia isiyo na saini inayotambulika, nayo ikasambaa pamoja na Windows 8 mwaka 2012. Linux isiyo na saini ilikwama hapo, na diski iliyogawanywa kwa utaratibu mmoja wa kuwashia mara nyingi haikuwaka kwa ule mwingine.

Historia hii inafundisha kwamba hukumu ya "mashine imekufa" haipasi kutolewa kabla fimuwea haijasomwa ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa shule isiyo na fedha ya seva mpya hulipia uvivu wa kutoisoma kwa kutupa chombo kizima. Usomaji huo wa subira ni elimu kamili, nao unastahili kufundishwa katika vyuo vya ufundi kwa heshima ileile inayopewa uchomeleaji na useremala.