Taiba: Jina la Mji na Jina la Manukato



Ndugu zetu katika Imani, wazazi wengi katika jamii yetu huwaita binti zao Taiba, na wengine huandika Twayba. Ukiwauliza maana yake, baadhi watakuambia ni mji wa Madina, na wengine watakuambia ni manukato. Wote wana sehemu ya haki, lakini tunaona jibu la pili linahitaji kuelezwa, maana likisikika peke yake mtu atadhani kwamba Madina uliitwa hivyo kwa sababu unanukia.

Kabla ya Hijra mji ule uliitwa Yathrib, na ni jina la zamani sana. Nabonidus, mfalme wa Babeli, aliyekaa Arabuni takriban miaka 10 katika karne ya 6 kabla ya Nabii Issa (A.S.), aliutaja katika maandishi ya jiwe miongoni mwa miji aliyoifikia. Wanachuoni wameliunganisha jina hilo na neno tathrib, yaani lawama. Ndilo neno alilolitumia Nabii Yusuf (A.S.) alipowaambia ndugu zake kuwa siku ile hakuna lawama juu yao. Katika Qur'ani jina la Yathrib limetajwa mara moja tu, katika Suratul Ahzab aya ya 13, nalo limo vinywani mwa wanafiki.

Sasa tuangalie mji wenyewe ulikuwaje Waislamu walipohamia mwaka 622. Makabila yake mawili makubwa, Aws na Khazraj, yalikuwa yametoka kumwaga damu katika vita vya Bu'ath miaka michache tu nyuma. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba walipofika, ilikuwa ndiyo ardhi yenye maradhi kuliko zote, na maji ya bonde la But'han yalikuwa yameharibika. Abubakar na Bilal (R.A.) wote walishikwa na homa kali, na Bilal akawa anaililia Makka na mabonde yake. Hata kiwanja cha Msikiti wa Mtume kilikuwa na makaburi ya washirikina, magofu na mitende. Mtume (S.A.W.) akaomba dua Madina upendwe kama Makka au zaidi, uwe na siha, na homa yake ihamishiwe Juhfa.

Mji huo wa homa ndio ulioitwa Taiba, na pia Taba. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu Ndiye aliyeuita Taba. Na mwaka wa 9 Hijria, wakati wa kurejea kutoka Tabuk, Mtume (S.A.W.) alipouona kwa mbali alilitaja jina hilo, kama msafiri anavyotaja kwao.

Asili ya maneno haya ni herufi tatu, twaa, yaa na baa, na maana yake ya msingi ni wema na usafi. Chakula tayyib ni kile kizuri na cha halali. Nchi ya Saba'i imeitwa nchi tayyiba katika Qur'ani. Udongo wa kutayamamia nao umeitwa tayyib, na hapa ndipo jambo linapoonekana wazi, kwani udongo ule hautakiwi kunukia, unatakiwa uwe safi. Manukato yaliitwa twib kwa kuwa ni kitu kizuri kwa nafsi. Kwa hiyo mji haukuchukua jina kwa manukato, wala manukato hayakuchukua kwa mji. Ni ndugu wa tumbo moja.

Kiswahili chetu kinalo neno hilo pia: tibu, aina ya manukato ya kuchanganya. Lisichanganywe na kutibu mgonjwa, ambalo limetoka katika asili nyingine ya Kiarabu, ingawa kwetu yamekuwa yakisikika sawasawa!

Ni kweli wapo wanachuoni waliosema kuwa udongo wa Madina na kuta zake una harufu nzuri anayoihisi mkaazi wake. Hatuwapingi. Lakini Hadithi zenyewe zinaueleza mji kwa mfano wa mhunzi. Bedui mmoja alisilimu, akashikwa na homa ya Madina, akataka kuvunja ahadi yake na akaondoka. Mtume (S.A.W.) akasema kuwa Madina ni kama tanuri, hutoa takataka zake na kizuri chake kikabaki kimetakata. Moshi wa mhunzi si harufu ya udi. Al-Samhudi, mwanahistoria wa Madina aliyefariki mwaka 1506, alikusanya majina zaidi ya 90 ya mji huu, na Taiba limebaki kuwa miongoni mwa yanayopendwa zaidi.

Liko jambo moja ambalo mahujaji wetu hulipitia bila kulitilia maanani. Anayetoka Madina kwenda Makka huhirimia Dhul-Hulayfa, nje kidogo ya mji, na hapo twib huwa haramu kwake. Bibi Aisha (R.A.) alimpaka Mtume (S.A.W.) manukato kwa mkono wake kabla ya kuhirimia, na alama yake ikaonekana katika nywele zake akiwa ndani ya ihramu. Kwa hiyo Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, huona ni sunna kujipaka mwilini kabla ya kunuia. Imam Malik, aliyeishi Taiba na kufia huko mwaka 795, alichukia manukato ambayo harufu yake hubaki baada ya kuhirimia.