Virusi na Saratani ya Kinywa: Kutoka Taya la Mtoto hadi HPV

Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, ipo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 770. Sumbawanga, juu ya nyanda za Ufipa, inakaribia mita 1,800. Tofauti za namna hiyo ndizo zilizowafikisha madaktari wa Afrika Mashariki kwenye virusi vya saratani.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba taya kulia na kushoto, juu na chini. Ni uvimbe unaokua haraka, na mara nyingi huanza kwa meno kulegea bila kuoza. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili waliendesha gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine, za Tanganyika zikiwemo. Nyanda za juu zenye baridi hazikuwa na uvimbe huo. Mabonde yenye joto na mvua yalikuwa nao. Hilo liliashiria kuwa huenda maambukizi yanahusika, na mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr waliona virusi katika sampuli za uvimbe huo zilizopelekwa London kutoka Kampala.

Mtafiti Harald zur Hausen, aliyewahi kuvichunguza virusi hivyo ndani ya uvimbe huo wa Burkitt, baadaye aligeukia saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 1983 alitangaza virusi vya papiloma vya binadamu (HPV) aina ya 16, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Aina hiyohiyo ilikuja kukutwa kwenye saratani za tonsili na shina la ulimi. Kwa saratani za kinywa chenyewe, tumbaku na pombe bado ndivyo visababishi vikuu.

Muhimbili ilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1979, miaka minne kabla ya HPV aina ya 16 kutangazwa; hivyo waliotangulia waliujua uhusiano wa HPV na saratani za koo wakiwa tayari kazini. Ni elimu isiyopaswa kuishia mijini. Mgonjwa wa mwambao wa ziwa hufunua kinywa kwa tabibu wa meno muda mrefu kabla ya kufika kwa bingwa wa saratani. Kidonda kisichopona kwa wiki tatu, tonsili iliyovimba upande mmoja au tezi ngumu ya shingo isiyouma vinahitaji rufaa, si dawa ya kusukutua.

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wavulana hawakujumuishwa, ingawa Ulaya na Marekani saratani ya koo itokanayo na HPV huwapata zaidi wanaume.