Risasi ya Mwindaji wa Nguruwe

Katika lugha yetu neno risasi lina maana mbili. Ni ile madini nzito na laini, tena ni kile kitu kinachotoka katika mdomo wa bunduki. Wazee hawakukosea, maana kwa karne nyingi vitu hivyo vilikuwa kimoja. Tuangalie basi jinsi vilivyoachana, tukimfuata nguruwe wa pori wa Ujerumani.

Nguruwe dume mzima si mnyama wa mchezo. Juu ya mabega, chini ya ngozi, ana tabaka nene na gumu, ngao ya kumkinga na meno ya wenzake wanapogombea majike. Kwa hiyo risasi yake inadaiwa kazi mbili zinazopingana: ipenye ngao na kufika mbali, tena ifunguke ndani ili mnyama afe upesi. Ikifunguka mapema, inaishia begani. Ikikataa kufunguka, inatoboa kitundu chembamba na kutokea upande wa pili. Naye nguruwe anakimbia kufia kichakani kwa mateso, au kumngoja huko mtu anayefuata damu yake. Wako wanaodhani kwamba bunduki kubwa inatosha. Sisi hatukubali.

Zamani za magobori, baruti nyeusi ilisukuma goroli ya risasi kwa mwendo wa kiasi, nayo ilibonyea yenyewe katika nyama. Shida ilianza mwaka 1886, Wafaransa walipotoa bunduki ya Lebel yenye baruti isiyo na moshi. Mwendo ulipita mita 600 kwa sekunde. Risasi tupu haikustahimili kasi hiyo, ikabidi ivikwe koti la madini gumu zaidi, ufundi ambao Mswisi Eduard Rubin alikuwa ameuonyesha mwaka 1882. Lakini koti likifunika ncha yote, risasi haifunguki. Kwa vita ndivyo mataifa yalivyotaka: mwaka 1899, katika mji wa Den Haag, yalipatana kutotumia vitani risasi zinazofunguka mwilini. Mwindaji hakufungwa na mapatano hayo. Yeye huacha ncha wazi, kusudi mnyama asiteseke.

Wilhelm Brenneke, fundi wa Leipzig, alitafuta njia ya kati. Mwaka 1917 alitoa risasi iitwayo TIG, na mwaka 1935 nyingine, TUG. Ndani ya koti aliweka vipande viwili: cha mbele laini, kifunguke, cha nyuma kigumu, kiendelee kupenya. Mmarekani John Nosler naye, baada ya risasi zake kushindwa kumwangusha kongoni mkubwa wa Kanada mwaka 1946, alijenga ukuta wa shaba kati ya vipande hivyo viwili.

Kumbe wakati huohuo Wajerumani walikuwa wamenyang'anywa bunduki za kuwindia. Mwaka 1945 majeshi yaliyowashinda yaliamuru zikusanywe. Nguruwe wakaongezeka, wakafukua viazi katika nchi yenye njaa, na wakulima wakabaki na mitego. Leo sheria yao inadai risasi yenye upana wa milimita 6.5 au zaidi kwa nguruwe, na inakataza zile ndogondogo za kupigia ndege.

Siku hizi majimbo kadhaa ya huko yamekataza hata risasi yenyewe, yaani ile madini, kwa sababu vipande vyake hubaki katika nyama na kuua tai wanaokula matumbo yaliyoachwa porini. Wawindaji wengi wanatumia shaba tupu, iliyotobolewa nchani ili ifunguke kama ua. Katanga wanaijua shaba vema. Lakini hata huko kitu hicho kitaitwa risasi tu.