Mwisho wa Misheni: Joseph F. Smith Visiwani Hawaii, 1854–1857

Miezi ya mwisho ya misheni ina jaribu lake. Siku hizi vijana wa kiume hutumikia miezi 24 na akina dada miezi 18, na sisi tunaowapokea katika matawi yetu huwatambua walio karibu kumaliza kabla hawajasema. Lugha imewalainikia. Soli za viatu zimelika. Wanajua nyumba ipi ina mgonjwa, na njia ipi haipitiki mvua ikinyesha. Lakini barua za nyumbani zimeanza kuuliza habari za chuo na kazi, na moyo huanza kufunga mizigo kabla ya mikono. Je, misheni hupimwa kwa nini inapofika mwisho? Swali hili tunaweza kulitazama katika maisha ya mmisionari mmoja wa zamani, ambaye baadaye alikuwa Rais wa sita wa Kanisa.

Joseph F. Smith alizaliwa mwaka 1838. Baba yake, Hyrum, aliuawa pamoja na Nabii Joseph Smith katika jela ya Carthage tarehe 27 Juni 1844. Mama yake, Mary Fielding Smith, alivuka nyika na watoto hadi Bonde la Salt Lake, naye akafariki mwaka 1852. Yatima huyu alikuwa mwenye hasira ya haraka. Inasimuliwa kwamba aliacha shule baada ya kupigana na mwalimu aliyetaka kumchapa dada yake mdogo. Katika mkutano mkuu wa Aprili 1854 jina lake lilisomwa miongoni mwa walioitwa kwenda misheni Hawaii. Alikuwa na miaka 15.

Hakuwa na nauli. Yeye na wenzake walifanya vibarua California hadi wakapata fedha za meli, wakafika Honolulu mwishoni mwa Septemba 1854. Alipangiwa kisiwa cha Maui. Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa na waliomtangulia, hasa George Q. Cannon, ambaye kwa msaada wa Jonathan Napela, mwenyeji wa Maui, alikitafsiri Kitabu cha Mormoni kwa Kihawaii. Joseph alijifunza lugha hiyo kwa kusali na kwa kukaa na watu, na baada ya miezi michache tu aliweza kuhubiri. Maneno ya Kihawaii huishia kwa irabu, kama yetu mengi, na hivyo wenyeji walimwita Iosepa.

Maisha ya kila siku yalikuwa ya chini sana. Wamisionari walisafiri bila mfuko wala mkoba, kama Mwokozi alivyowaagiza wale Kumi na Wawili. Walitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, wakavuka kati ya visiwa kwa vyombo vidogo, wakalala juu ya mikeka. Chakula kilikuwa poi, yaani uji mzito wa magimbi yaliyopondwa, nao waliula na wenyeji wao pale kilipopatikana. Kila siku ilikuwa na kufundisha, kubatiza, kuwabariki wagonjwa, kusuluhisha ugomvi na kufua nguo. Watu wetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika bonde la Palawai, kisiwani Lanai, Watakatifu walipojaribu kujenga makazi yao katika nchi kavu, mambo yalikuwa hivyo hasa.

Kisha nyumba iliyohifadhi vitu vya wamisionari huko Lanai iliungua. Joseph alipoteza nguo, vitabu na kumbukumbu zake za kila siku. Inasimuliwa pia kwamba kwa muda yeye na mwenzake walikuwa na suti moja tu kati yao: mmoja alipoivaa kwenda mkutanoni, mwingine alibaki ndani.

Alipougua homa kali, mama mmoja wa Kihawaii alimchukua nyumbani kwake na kumuuguza kama mwanawe. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone; huko aliyepona alikuwa mgeni. Yatima aliyetumwa kuwapa wengine habari njema alipewa mama.

Wakati ule misheni haikuwa na muda maalumu. Mtu alitumikia hadi alipopumzishwa. Mwaka 1857 jeshi la Marekani lilitumwa Utah, na Brigham Young akawaita wamisionari warudi. Joseph aliondoka Hawaii mwezi Oktoba, akiwa karibu kutimiza miaka 19. Angehesabu kwa macho ya kibinadamu, angeona hasara: vitu vyake vimeungua, makazi ya Lanai ni dhaifu, na kundi linabaki na wachungaji wachache.

Lakini tazama yaliyofuata. Njiani kuelekea nyumbani, kundi la watu wenye silaha waliowachukia Wamormoni liliingia katika kambi yao, na mmoja akamuuliza kama yeye ni Mmormoni. Wengine walikuwa wamejificha vichakani. Yeye alikiri waziwazi, kwa uchangamfu, na yule mtu akampa mkono badala ya risasi. Mvulana wa hasira za shuleni alikuwa amejifunza ujasiri usiohitaji ngumi.

Wala hakuwaacha watu wake. Mwaka 1864 alirudi Hawaii pamoja na mitume, baada ya Walter Murray Gibson kuandikisha ardhi ya Watakatifu huko Lanai kwa jina lake mwenyewe na kuuza ofisi za ukuhani. Mwaka 1915, akiwa Rais wa Kanisa, aliweka wakfu kiwanja cha hekalu huko Laie. Askofu Charles W. Nibley, aliyesafiri naye katika ziara mojawapo, alisimulia kuhusu bibi kipofu mzee sana aliyekuja bandarini Honolulu akiwa na ndizi chache mkononi, akiita, “Iosepa, Iosepa.” Rais alimkimbilia na kumkumbatia. Alikuwa yule mama aliyemuuguza.

Ndizi hizo zinatupa kipimo tunachokitafuta. Hakuna orodha ya waliobatizwa iliyokuwa na nafasi ya kuandika upendo wa bibi yule, na bado ulidumu kwa miaka mingi. Basi mmisionari aliyebakiza majuma machache asihesabiwe kwamba amekwisha kuondoka. Tumpeleke kwa mgonjwa anayemfahamu, tumpe somo la kufundisha hadi juma la mwisho. Sisi wenye nyumba tusidhani kwamba kazi yetu ni kupokea tu. Sahani ya ugali, dawa ya homa, neno la mama kwa kijana aliye mbali na mama yake: kwa hayo nasi tunashiriki kumlea mtumishi wa Mungu, na hatujui atakuwa nani.