Ushawishi fiche kati ya mtu na programu

Ushawishi fiche ni kumwelekeza mtu kwenye uamuzi kwa njia asiyoitambua. Dhana hii ilivuma mwaka 1957, James Vicary, mtafiti wa masoko wa Marekani, alipodai kuwa maneno yaliyomulikwa upesi mno kwenye skrini ya sinema yaliwafanya watazamaji wanunue bisi na Coca-Cola. Mwaka 1962 alikiri kwamba data yake ilikuwa haba mno. Hofu aliyoizua haikufutika.

Programu za akili unde hazihitaji kuficha maneno. Mkulima mdogo wa Kericho au Bomet nchini Kenya anayeuza majani mabichi ya chai kupitia KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, hulipwa sehemu kila mwezi, kisha hungoja bonasi ya mwaka. Akiwa anangoja, anaweza kukopa kwa simu. Mikopo ya simu kama M-Shwari, iliyoanza 2012, huamuliwa na kompyuta inayopima rekodi za simu na malipo. Programu ya namna hiyo, ikipewa uwezo wa kuzungumza, ingeweza kungoja wiki ya ukata, ikasalimia kwa Kikipsigis na kutanguliza kiasi kikubwa cha mkopo. Kila neno lingekuwa la kweli, tena lingesomeka wazi. Kilichofichwa ni sababu ya ujumbe kuja leo.

Baadhi husema ushawishi wowote ni halali mradi hausemi uongo. Kipimo hicho ni hafifu. Swali bora ni kama mkulima angekasirika akielezwa mbinu iliyotumika. Afisa ugani naye hushawishi, lakini anajulikana kijijini, na alichomwambia mmoja hulinganishwa na wengine kwenye foleni ya kituo cha kununulia majani. Programu huongea na kila mtu kivyake, kwa siri ya simu yake, hivyo foleni hiyo haina cha kulinganisha.

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 humkinga mtu dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine pekee. Hakigusi uamuzi anaoufanya mwenyewe baada ya kusukumwa. Sheria ya akili unde ya Umoja wa Ulaya ya 2024 huugusa: tangu Februari 2025 imepiga marufuku mbinu zinazopita chini ya ufahamu wa mtu, ila kwa sharti kwamba madhara yawe makubwa. Mkopo wa shilingi 2,000 uliochukuliwa mwezi mmoja kabla ya bonasi ni vigumu kuufikisha hapo.