Pua, Kisima na Chumvi: Habari za Dawa Moja ya Nyumbani Katika Pwani ya Sudi

Sudi ni mji mdogo wa pwani, kusini ya Lindi na kaskazini ya Mikindani, kando ya hori lenye mikoko. Habari zake za kale zilichapwa na Carl Velten mwaka 1907, pamoja na habari za Kilwa na Lindi. Maandiko ya namna hiyo hupenda kusimulia asili ya wenyeji, majumbe wao, vita vyao na mapatano yao. Mafua si jambo la kuandikiwa habari. Walakini kila mwaka kipupwe kiingiapo, mkubwa na mdogo hupenga kamasi, na pua iliyoziba humnyima usingizi jumbe kama imnyimavyo mvuvi.

Katika dawa za nyumbani za maradhi hayo imo ya kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Tukiulizwa imetoka wapi, wengi wetu tupendao mambo ya kwetu hujibu upesi kwamba ni ya wahenga. Jibu hilo lataka kupambanuliwa, kwani ndani ya tendo hili moja mna mambo matatu yenye umri mbalimbali: kitendo chenyewe, chumvi na kipimo.

Kitendo ni cha kale sana katika pwani hii. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, kabla ya kufika Kilwa, aliona visima vifupi milangoni pa misikiti, na chombo cha mti cha kutekea maji, ili aingiaye ajitakase kwanza. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliopanuliwa karne ile ile ya 14, nao una mahali pake pa kutawadhia. Na atawadhaye, baada ya kusukutua, hupandisha maji puani kisha akayapenga, mara 3. Basi mtoto wa Kiislamu wa Sudi alijifunza kuyaingiza maji puani na kuyatoa tangu utotoni. Lakini tusichanganye mambo. Hiyo ni tohara kwa ajili ya ibada, wala haikukusudiwa kuwa dawa. Na maji yake hayatiwi chumvi.

Chumvi ilitolewa na bahari. Lita 1 ya maji ya bahari ina chumvi yapata gramu 35, na maji ya mwili wa binadamu yapata gramu 9. Ndiyo sababu mvuvi apigwaye na wimbi usoni husikia pua ikimwasha: maji yaliyomwingia ni makali karibu mara 4 kuliko yale ya mwili wake. Ajabu ni kwamba maji baridi ya kisimani nayo huwasha, kwa sababu iliyo kinyume, maana hayana chumvi ya kutosha. Pua yataka maji yaliyo kati ya bahari na kisima. Visima vingi vya pwani vina maji chumvi, na mtu aweza kudhani kwamba vimekwisha kutupatanishia mambo; lakini ulimi si mizani, na maji ya kisima hubadilika kwa masika na kiangazi.

Kipimo, basi, ndicho kigeni, nacho ni kipya. Mwaka 1864 tabibu Thudichum, Mjerumani aliyekaa London, aliandika juu ya namna ya kuitibu pua kwa kuipitishia maji. Mwishoni mwa karne hiyo Mholanzi Hamburger alichunguza damu, akapata kadiri ya chumvi inayolingana nayo, yaani karibu gramu 9 katika lita 1. Kwa jikoni ni kama kijiko cha chai kimoja na nusu, kisichojazwa kichuguu. Maji ya kipimo hicho hulainisha kamasi na kuiondoa pamoja na vumbi, bila kuziumiza nyama laini za ndani ya pua.

Je, kuna haja gani ya kutenganisha mambo haya? Haja ipo, tena ni ya uhai. Katika maji baridi yenye uvuguvugu huweza kuishi kidudu kisichoonekana kwa macho, kiitwacho Naegleria fowleri. Anywaye maji yake hadhuriki, lakini kikiingia puani hupanda mpaka kwenye ubongo, na wapatwao ni wachache mno wanaopona. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu 2 walikufa baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Huko Karachi, Pakistani, matabibu wamevihusisha vifo kadhaa vya ugonjwa huo na maji ya kutawadhia. Kwa hiyo asemaye, "Wazee walitumia maji ya kisima, na mimi nitatumia ya kisima," ameichukua desturi ya tohara akaifanya hoja ya tiba. Maji ya dawa hii sharti yachemke barabara kwa muda wa dakika 1 au zaidi, yaachwe yapoe mpaka yawe vuguvugu, na chombo chake kiwe safi. Mgonjwa huinamia bakuli, akageuza kichwa upande, akapumua kwa kinywa, akamimina katika tundu la juu ili maji yatokee la chini. Kisha akapenga polepole. Mwenye homa isiyoshuka au maumivu ya sikio aende hospitali.

Wala dawa isipewe sifa isiyo yake. Mwaka 2020, wakati wa korona, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hapakuwa na ushahidi kuwa kusafisha pua kwa maji ya chumvi humkinga mtu na ugonjwa ule. Hufungua pua iliyoziba, na kwa mtu aliyekesha akihema kwa kinywa hiyo si kazi ndogo.

Atakayeandika tena habari za Sudi asiishie kwa majumbe. Na aulize pia maji yalitekwa wapi, nani aliyachemsha, na mtoto mwenye mafua alilalaje usiku ule.