Zizi Lisilo na Saruji

Mwaka jana kaka yangu alikuja nyumbani na habari kwamba kuna mwenye lori anayenunua mawe. Si mawe ya kuchonga, la, mawe yoyote tu, akayavunje kuwa kokoto. Na mawe sisi tunayo. Zizi la marehemu babu limesimama katikati ya boma letu, tupu, tangu ng'ombe wa mwisho alipouzwa kulipa karo. Upande mmoja wa ukuta umeshalala chini na mijusi wanaota jua juu yake. Niseme ukweli, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukubali. Karo iliyomaliza ng'ombe ilikuwa yangu. Nikaona basi, mawe nayo yafuate ng'ombe, mambo yaishe. Tena pesa zenyewe zilikuwa za kununulia mabati ya nyumba ya nyanya, maana paa lake linavuja.

Aliyekataa ni nyanya mwenyewe. "Kwanza nenda Thimlich ukaone," akaniambia. "Ukirudi useme haya ni mawe tu, mimi sitatia neno."

Nikaenda.

Thimlich Ohinga iko katika Kaunti ya Migori, kama kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, upande wa Ziwa Viktoria. Kwa Kijaluo, ohinga ni ua mkubwa wa mawe, na Thimlich ni msitu mzito wa kutisha. Mwaka 2018 UNESCO iliingiza mahali hapa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini usitazamie jumba, ndugu msomaji. Hakuna paa wala nguzo. Ni kuta tu, zimezunguka na kujikunja kati ya miti, na nyua kubwa ni nne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch.

Nilisimama mbele ya ukuta wa Kochieng nikatafuta chokaa. Hakuna. Udongo wa kugandisha nao hakuna. Mawe hayakuchongwa, yaliokotwa yalivyo, yakapangwa. Na bado mahali pengine ukuta unapita mita 4 kwenda juu, na unene wake ni kuanzia mita 1 hadi 3. Tangu karne ya 16! Sasa hivi kuna nyumba za matofali mjini hazijamaliza miaka kumi na zina nyufa za kupitisha mkono.

"Hii si ukuta mmoja," akasema ndugu aliyekuwa akinitembeza. "Ni tatu." Akanieleza. Kuna uso wa nje, umejengwa kwa mawe makubwa. Kuna uso wa ndani, vivyo hivyo. Katikati yao ndipo palipojazwa mawe madogo madogo, yakashikana na makubwa huku na huku hata vyote vikawa kitu kimoja. Tena ukuta haukwendi moja kwa moja. Unapinda, unarudi, unapinda tena, na mahali pengine umeongezwa mawe ya kuuegemeza. Ukuta mrefu ulionyooka ni rahisi kusukumwa. Uliopinda hujishika wenyewe.

Lango lake ni jembamba na fupi, na juu yamelazwa mawe marefu bapa yaliyobeba uzito wote. Mtu mzima huinama kuingia. Mwizi wa ng'ombe alilazimika kutanguliza kichwa, na ndani wenyewe wanamngoja! Nikafikiri pia jioni kundi linaporudi halina budi kupita mmoja mmoja, na mwenye mali anahesabu bila kuuliza mtu.

Ndani, ua umegawanywa. Kuna njia nyembamba, na kuna vizimba vidogo vya mawe ambavyo wataalamu wanaona vilikuwa mazizi ya ng'ombe na ya mifugo mingine, au nyua za bustani. Ardhi imebonyea palipokuwa na nyumba. Watu na mifugo yao walilala ndani ya ukuta mmoja. Ndipo nilipokumbuka boma letu: zizi katikati, nyumba zimelizunguka. Sisi tumeweka ua wa minyaa badala ya mawe, lakini mpango ni ule ule.

Shuleni majengo ya mawe yalikuwa ya pwani: Gedi, Lamu, Fort Jesus. Huku bara, ati, kulikuwa na udongo na nyasi. Kumbe kusini-magharibi mwa Kenya wachunguzi kama Isaya Onjala wamehesabu nyua za namna hii zaidi ya mia tano. Na waliokaa Thimlich hawakuwa watu wa lugha moja. Makundi ya Kibantu na ya Kiniloti yalifuatana hapo, wengine wakihama, wengine wakiingia, na walioingia wakatengeneza kuta walizozikuta. Desturi ya kuishi ndani ya nyua za mawe iliendelea hadi katikati ya karne ya 20.

Hili la mwisho ndilo lililonikaa moyoni. Ukuta usio na saruji hauwezi kuachwa peke yake. Mizizi inasukuma, mvua inachimba, mbuzi anapanda. Jiwe likianguka, lazima mtu aliokote alirudishe. Waliorudisha mawe ya Thimlich wengi wao hawakuwa wajukuu wa aliyeyapanga.

Nilirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja kwenye upande ule ulioanguka. Katikati ya ukuta wa babu, kati ya mawe makubwa ya nje na ya ndani, kulikuwa na mawe madogo madogo. Siku zote mimi na kaka tuliyaita takataka.

Kaka hakufurahi. "Historia yako itaezeka nyumba ya nyanya?" aliniuliza, na sikuwa na jibu. Lori lilirudi bure. Mabati nimeahidi kuyanunua mimi, na mpaka leo nimefikisha nusu tu. Mvua ikinyesha tunaweka sufuria chini.

Ukuta nao nimeuanza. Mara ya kwanza nilijenga nyuso mbili haraka haraka nikasahau kujaza kati. Usiku mmoja tu ukalala. Nyanya alitoka asubuhi, akatazama, akaokota kijiwe kama ngumi akanipa mkononi. "Anza na haya," akasema.

Nawe msomaji, kama kwenu kuna zizi la kale, usiite lori kabla hujatazama ndani ya ukuta wake.